Trekta la kijivu lenye tumbo la shaba



Tunawaomba radhi wasomaji waliokuwa wakisubiri sehemu ya pili ya mazungumzo yetu juu ya gharama za harusi. Itakuja wiki ijayo, insha Allah. Wiki hii tumelazimika kueleza jambo la nyumbani, kwa sababu wageni waliopita kwetu tangu kumalizika kwa Ramadhani wamekuta baraza imetandikwa magazeti haya haya tunayoyaandikia, juu yake pametawanywa vipande vya trekta, na harufu ya rangi imetanda hadi ndani. Wengine wameondoka wakiulizana kama tumefungua karakana.

Hatukufungua karakana. Kilichokuwa kikiendelea ni kazi ya kijana wetu wa miaka 14, ya kulichukua trekta dogo la mfano, jekundu, la aina iliyotapakaa duniani, na kuligeuza liwe la kijivu, la aina iliyodumu kiwandani kwa muda wa mwaka mmoja na kitu.

Trekta hilo aliletewa na kaka yetu mkubwa, ambaye makazi yake ni Coventry, Uingereza. Alikuja Tanga kumjulia hali baba yetu, ambaye nuru ya macho yake inazidi kupungua kwa maradhi ya presha ya macho. Katika mizigo yake mlikuwa na Massey Ferguson 35 ya kipimo cha 1 kwa 16. Maana yake ni kwamba kila sentimita 16 za trekta la kweli zimefanywa kuwa sentimita 1, na kwa kuwa trekta la kweli lina urefu unaokaribia mita 3, hilo dogo linakaribia sentimita 19. Mwili wake ni wa madini ya zinki yaliyosubiwa, matairi ni ya mpira, usukani unazunguka na magurudumu ya mbele yanaufuata. Tulilitazama tukasema mashallah, kisha tukampa mzee alishike, kwa kuwa yeye alianza kazi katika shamba la mkonge mwaka 1957, akiwa kijana wa miaka 17, kama utingo wa trekta, na baadaye akawa dereva.

Mzee alilisogeza dirishani, akaliweka karibu na jicho la kushoto ambalo bado lina afadhali.

"Zuri," alisema. "Lakini hili si lile letu. Letu lilikuwa la kijivu juu. Chini, kuanzia injini hadi ekseli ya nyuma, lilikuwa rangi ya shaba. Sisi tukiliita Tumbo-shaba. Na asubuhi ya baridi lilikuwa haliwaki hata ulisomee dua."

Sisi na kaka yetu tulitazamana, kama wanavyotazamana watoto wa mzee. Kila mtu aliyeona Ferguson za zamani anazijua zile ndogo za kijivu, za kijivu kitupu juu hadi chini, zilizoundwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956 kwa idadi iliyopita 500,000. Tukadhani mzee amezichanganya. Kaka akaanza kumsahihisha kwa upole. Kijana wetu peke yake ndiye ambaye hakumtazama mtu. Aliuliza: "Babu, injini ya lile lenu ilikuwa na pistoni ngapi?"

"Nne."

Kijana akaligeuza trekta ubavu, akahesabu mabomba membamba yanayopeleka dizeli kwenye silinda. Yalikuwa matatu.

Usiku ule yeye na baba yake mkubwa walikaa wakitafuta habari, na kabla hatujalala tuliitwa kuombwa tukiri kosa. Mzee alikuwa sahihi katika kila neno. Mwaka 1953 kampuni ya Harry Ferguson, ambaye matrekta yake yalikuwa ya kijivu, iliungana na kampuni ya Massey-Harris, ambayo matrekta yake yalikuwa mekundu. Kwa miaka kadhaa ndugu hao wawili wa kambo waliendelea kuuza bidhaa zao kila mmoja kwa rangi yake. Mwaka 1956 kiwanda cha Banner Lane kikatoa trekta jipya lililoitwa Ferguson FE35, mabati yake ya kijivu, na vyuma vyote vya kusubu chini yake, yaani injini, giaboksi na ekseli, vimepakwa rangi ya shaba. Mwishoni mwa 1957 wakubwa wa kampuni waliamua kuwa nyumba iwe moja. Trekta lile lile likavishwa mabati mekundu, likaitwa Massey Ferguson 35, na kwa rangi hiyo likasambaa dunia nzima hadi 135 iliporithi nafasi yake katika miaka ya 60.

Na ule ugumu wa kuwaka asubuhi? Hapo ndipo ukumbusho wa mzee ulipothibitika zaidi. FE35 ya dizeli ilikuwa na injini ya silinda 4 iliyoundwa na Standard, kampuni ya magari ya Coventry, na injini hiyo ilijulikana hata kwao kwa kukataa kuwaka kwenye baridi. Mwaka 1959 ikaondolewa, ikawekwa ya Perkins yenye silinda 3, ambayo ilipendwa sana na wakulima. Trekta alilopewa kijana lilikuwa na injini hiyo ya Perkins. Mzee anasema kule shambani walikuwa wakililaza Tumbo-shaba juu ya mteremko kila jioni, ili asubuhi liachiwe literemke lenyewe mpaka liwake, kisha ndipo lipeleke matela ya majani kwenye kiwanda cha kukamua mkonge, ambacho wenyewe walikiita korona miaka mingi kabla ya jina hilo kutisha watu.

Tungeweza kutafuta mfano wa kijivu uliokwisha kutengenezwa. Kaka alitutajia bei, pamoja na gharama za posta, tukanyamaza sote. Kijana akasema atalibadilisha lile alilonalo. Tulimwambia kwanza aombe idhini, kwani haikuwa adabu kuipasua zawadi mbele ya aliyeileta. Baba yake mkubwa alicheka, akasema zawadi ikishapokewa ni mali ya aliyeipokea, na kwamba yeye mwenyewe atatafuta alama za jina na kuzituma.

Wazazi wanaofikiri kuwa kazi kama hii ni kupaka rangi tu, wafikiri upya. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Rangi ndiyo ya mwisho. Kwanza kijana alilifungua trekta lote kwa bisibisi ndogo ya saa, kila skrubu akaibandika kwa gundi ya karatasi kwenye daftari na kuandika ilikotoka. Kisha akatenga vya chuma na vya plastiki, kwa sababu dawa ya kubandua rangi ikigusa plastiki huiyeyusha. Boneti na madigadi zikalowekwa, ile nyekundu ikavimba na kutoka kama ganda la ndizi iliyoiva. Beji ya pua, ile yenye pembetatu tatu za Massey Ferguson, ilibidi ikwanguliwe kwa tupa hadi pawe laini, maana mwaka 1957 beji hiyo ilikuwa haijawekwa kwenye trekta lile. Mahali pake alitengeneza kibati kidogo kutoka kopo la maziwa.

Injini ndiyo iliyochukua siku nyingi. Kuifanya ya silinda 3 ionekane ya silinda 4 si kuongeza bomba moja pembeni, kwa sababu nafasi zote hubadilika. Aliyakata yale matatu kwa wembe, akaziba matundu kwa ile pati inayotumiwa na mafundi wa bodi za magari, akapiga msasa, kisha akapima upya na kutoboa matundu manne kwa keekee nyembamba kama sindano. Mabomba yenyewe aliyatengeneza kwa nyuzi za shaba zilizochunwa kutoka waya wa umeme. La tatu lilimvunjikia mara mbili. Siku moja tulimkuta amekaa tu, mikono magotini, anaitazama injini hiyo isiyozidi ukubwa wa kibiriti. Tulimwambia hata akiacha manne yakakaa vibaya kidogo hakuna atakayeona. Akatujibu kwa heshima kwamba Babu aliihesabu injini hiyo kila asubuhi kwa miaka.

Sasa tueleze kosa letu. Rangi ya kijivu alichanganyiwa na mpiga rangi wa magari mtaani, kiasi cha kizibo cha chupa ya soda, akaelekezwa apulize mara tatu nyembamba, na asubiri siku nzima baina ya moja na nyingine. Ulikuwa mwezi wa masika. Siku ya kupuliza mara ya pili hewa ilikuwa nzito, na kijana alitaka kuahirisha. Sisi tulikuwa tunasubiri wageni, na tuliitaka baraza yetu. Tukamhimiza amalize leo, apulize nzito ya mwisho, aondoe vitu vyake. Alitutii. Asubuhi boneti ilikuwa imefifia kama kioo chenye ukungu, na ukingoni rangi imekunjamana. Ilibidi ibanduliwe yote kwa tina, hadi kwenye zinki. Hakusema kitu, na ukimya wake ulituuma kuliko angelalamika. Wageni wenyewe hawakuja.

Kuhusu rangi ya shaba, vitabu na picha havikusaidia. Matrekta yaliyobaki yamekarabatiwa na watu mbalimbali, na kila mmoja amepaka shaba ya macho yake: hili la dhahabu, lile la hudhurungi. Kijana alichanganya sampuli sita juu ya vibao, akampelekea Babu baada ya swala ya Alasiri, kwenye mwanga mzuri. Mzee alizitazama, akazikataa zote. Kisha akaagiza aletewe dele la kahawa, siyo lile linalong'arishwa kwa ajili ya wageni, bali lile la zamani lililoachwa jikoni. Akaliinamisha na kuonyesha ubavu wake, chini ya mkono, mahali ambapo moshi haujafika na mkono haujasugua. "Hapa," alisema. Sampuli ya saba ilitengenezwa kwa kulitazama dele.

Kazi ilipokaribia mwisho, alama za jina la Ferguson zikawa zimefika kutoka Coventry na kubandikwa, kijana alimtumia baba yake mkubwa picha. Kaka naye, kwa furaha, akamwonyesha jirani yake ambaye ni mkusanyaji wa mifano ya matrekta. Jawabu lilikuja siku ya pili: jirani anataka kulinunua. Alitaja kiasi ambacho kikibadilishwa kwa shilingi kingelipa ada ya muhula mzima. Kutokana na maneno yake ilikuwa dhahiri kwamba amedhani ni toleo la kiwandani, lile linalotolewa kwa idadi ndogo.

Tulikuwa mezani ujumbe huo uliposomwa. Kijana alisema, kwa sauti ya mtu anayejipima: "Mimi sijamwambia kuwa ni la kiwandani. Yeye ndiye amedhani."

Sisi tulinyamaza, na hatutaki kumdanganya msomaji kuwa kunyamaza kwetu kulikuwa kwa hekima. Ada ilikuwa inadaiwa. Kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha mwenye nafaka aliyeweka kavu juu na iliyolowa chini, na sisi tumekwisha kukiandika katika ukurasa huu zaidi ya mara moja, tukiwasemea wenye maduka. Aliyesema ni mama yake kijana, naye alikuwa anaondoa sahani: "Huyo bwana akiligeuza juu chini, ataona nini?"

Hakukuwa na cha kuona. Chini palikuwa pamepakwa shaba, safi kabisa.

Usiku ule kijana alichukua sindano, akachora chini ya giaboksi mwaka, neno Tanga, na kwamba awali lilikuwa jekundu. Asubuhi tulimwandikia kaka amweleze jirani yake ukweli wote. Wakusanyaji wa Uingereza, tumejifunza, wamekwisha kulipangia jambo hili majina: kilichotoka kiwandani hivyo kilivyo ni daraja la kwanza, kilichobadilishwa kwa idhini ya kiwanda ni la pili, na kilichobadilishwa na mtu kwa mikono yake ni la tatu. Daraja la tatu si aibu kwao, mradi lisemwe. Jirani alishukuru kuambiwa, akashusha bei hadi theluthi, na akasema bado analitaka. Kijana aliridhia, kwa sharti kwamba Babu aliangalie kwanza.

Tulimpelekea siku ya Jumatano. Mzee alilishika muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye mabomba manne, moja baada ya jingine. Alilisogeza jichoni, akaliweka mbali, akalisogeza tena. Kisha akasema: "Ndilo. Isipokuwa madigadi ya kulia ilikuwa nyekundu."

Tulidhani, kwa mara ya pili, kwamba amechanganya. Akatueleza. Mwaka 1961 trekta lilirudishwa nyuma likagonga tela, madigadi ya kulia ikapondeka. Ghalani hapakuwa na ya kijivu tena, ila zilikuwapo za yale mapya mekundu, nazo ziliingia bila shida, kwa kuwa bati ni lile lile. Msimamizi alisema itapakwa. Haikupakwa.

"Nani alilirudisha nyuma?" aliuliza kijana.

"Mimi," mzee akasema. "Nilikuwa najifunza, na sikuwa na ruhusa ya kushika usukani. Dereva alisema ni yeye, ili nisifukuzwe. Alikatwa mshahara wa mwezi mzima. Nikasema nitamlipa. Kisha akahamishiwa shamba jingine. Miaka yote niliyoendesha lile trekta, nikigeuka kulia naiona."

Hatukuwahi kuyasikia maneno hayo, na tumeishi naye maisha yetu yote. Tulimwuliza kama dereva yule yu hai. Alisema amekwisha kutangulia mbele ya haki, ila ana watoto, na mmoja wao alikuwa akiishi upande wa Muheza. Akatutajia jina la mtu na la kijiji, kwa utaratibu, kama anayesoma. Ametupa idhini ya kuyaandika haya, akatuomba tu tusimtaje dereva kwa jina kabla hatujakutana na wanawe. Insha Allah Jumamosi hii tutakwenda. Mshahara wa mwezi mmoja wa dereva wa mkonge wa mwaka 1961 ni kiasi gani leo, hilo tumemwuliza sheikh wetu, naye amesema tukae kwanza na warithi.

Kijana hakungoja Jumamosi. Aliifungua madigadi ya kulia jioni ile ile. Kaka ameandika kutoka Coventry kwamba jirani yake hana haja na trekta lenye madigadi moja nyekundu, na hatumlaumu. Ada tutaitafuta kwingine.

Tatizo lilikuwa kwamba nyekundu yote tulikwisha kuibandua, haikubaki hata chembe. Baada ya swala ya Ijumaa kijana alirudi kwa yule mpiga rangi na kizibo chake cha soda. Fundi alikitazama, akamtazama na yeye.

"Kijana, si ni juzi tu ulikuwa unaitoa nyekundu?"

Akamchanganyia. Masika bado hayajakwisha, na safari hii tumeiachia madigadi baraza yote.